Maneno ya Kiebrania na Kiyunani Katika Simu Zetu

Masomo: Nehemia 8:1-8, Luka 2:1-7, Matendo 27:27-44



Katika Kitabu cha Sala cha zamani, sala ya Jumapili ya Pili ya Majilio ni sala juu ya Maandiko Matakatifu, na kwa sababu hiyo wengi tumezoea kuiita siku hiyo Jumapili ya Biblia. Basi tumeona yafaa, Majilio yakikaribia, kusema juu ya jambo ambalo limeingia katika mtaa wetu pole pole, nalo limeleta faida na limeleta magomvi pia. Ni ile desturi ya kutafuta maneno ya Kiebrania na Kiyunani kwa programu za simu na kompyuta.

Waliohudhuria mafunzo ya Biblia siku za Jumatano wanajua tunalolisema. Katekista wetu mzee alikuwa akieleza sura aliyoieleza kwa miaka mingi, na kijana mmoja akainua simu yake akasema, "Babu Mwalimu, samahani, Kiyunani hakisemi hivyo." Wengine wakacheka, wengine wakakasirika, na mama mmoja wa Umoja wa Mama akauliza kama siku hizi Roho Mtakatifu anahitaji chaji. Katekista hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, mimi sikusoma Kiyunani. Nisomee sura nzima, halafu unionyeshe hilo neno linafanya kazi gani humo." Kijana akasoma sura nzima, na saa ikaisha kabla ya kulifikia lile neno. Wakaagana vizuri, lakini tangu siku ile wako wasemao kwamba simu zipigwe marufuku katika mafunzo, na wako wasemao kwamba asiyetafuta Kiyunani hajasoma Biblia. Sisi hatukubaliani na upande wo wote katika hao wawili, na tutasema kwa nini.

Kwanza tukumbuke kwamba kutaka kujua neno la asili si udadisi mbaya. Katika Nehemia sura ya 8, watu wote walikusanyika mbele ya lango la Maji, na Ezra akawasomea torati tangu mapema asubuhi hata adhuhuri, naye hakusoma peke yake. Walikuwapo Walawi kati ya watu, wakiwafahamisha maana. Wale watu walikuwa wametoka uhamishoni, na mambo mengi ya kitabu kile yalikuwa mageni kwao. Kusikia tu hakukutosha. Na yule towashi wa Kushi, katika Matendo sura ya 8, alikuwa na kitabu mkononi, akikisoma kwa sauti, hata hivyo alikiri kwamba hawezi kufahamu pasipo mtu wa kumwongoza. Mungu hakumkemea kwa kutaka kufahamishwa, bali alimtumia Filipo akimbie kando ya gari lake.

Basi programu hizi ni nini? Tueleze kwa ajili ya wazee wenzetu ambao hawajazishika. Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, isipokuwa sehemu chache, kama zile za Danieli na Ezra, zilizo katika Kiaramu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani cha watu wa kawaida wa zamani zile, lugha ya sokoni na ya barua. Mwaka 1890 mwalimu mmoja wa Marekani aitwaye James Strong, aliyefundisha katika chuo cha Drew huko New Jersey, alitoa kitabu kikubwa sana cha itifaki, yaani kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia na mahali pote lilipo. Alitumia Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na kila neno la asili akalipa nambari yake. Nambari za Kiebrania na Kiaramu zafika 8,674, na za Kiyunani zafika 5,624. Wakati ule hakukuwa na kompyuta hata moja duniani. Kazi ile ilifanywa kwa kalamu na karatasi, nasi tuliowahi kusahihisha madaftari ya darasa la watu arobaini twaweza kukisia jasho lake.

Programu za leo zimezipandikiza nambari hizo ndani ya maandishi. Unagusa neno kwa kidole, nambari yatokea, na chini yake latokea neno la Kiyunani pamoja na maelezo mafupi. Ukigusa tena, waletewa mahali pote neno hilo lilipotumika. Programu ya e-Sword, iliyoanza mwaka 2000, hutolewa bure. STEP Bible, iliyotengenezwa na wataalamu wa Tyndale House kule Cambridge, Uingereza, nayo ni bure, na yaweza kuwekwa katika kompyuta ikatumika bila intaneti. Hili si jambo dogo. Zamani kitabu cha namna hii kilikuwa katika maktaba ya chuo cha theolojia, na pengine kimefungiwa kabatini. Leo fundi baiskeli anacho mfukoni.

Lakini hapa pana jambo ambalo vijana wetu wengi hawajalitambua. Programu tulizozitumia sisi hazikuunganisha nambari hizo na Biblia yetu ya Kiswahili. Zimeunganishwa na Kiingereza. Kwa hiyo Mswahili atafutaye neno hutoka katika Kiswahili, akaenda kwenye Kiingereza, akafika kwenye Kiyunani, kisha akarudi na maelezo ya Kiingereza ambayo ayatafsiri mwenyewe kwa haraka, akiwa ameketi kwenye benchi. Njia hiyo ni ndefu, na mizigo mingi huanguka njiani. Halafu husimama akasema, "Kiyunani chasema hivi," kumbe asemalo ni Kiingereza cha mwaka 1890 alichokigeuza yeye mwenyewe.

Tena yafaa tukumbuke kwamba Biblia yetu ya Kiswahili haikutafsiriwa na watu waliobahatisha. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu wetu, alianza kazi hiyo akiwa na wenyeji pembeni yake, akiuliza neno kwa neno, naye amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Biblia nzima ya Unguja ilitoka mwaka 1891. Ya Mombasa, kwa Kimvita, ilitoka mwaka 1914. Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937, akijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Biblia tunayoisoma madhabahuni, ile ya Muungano, ilitoka mwaka 1952, na Habari Njema nzima ikatoka mwaka 1996. Hao wote walibishana juu ya maneno, na pale wasipokubaliana ndipo hasa penye faida kwetu kutazama. Mwenye tafsiri mbili za Kiswahili mezani, akizilinganisha mstari kwa mstari, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ile programu, naye hakuhitaji chaji.

Sasa tutoe mfano wa faida. Liko neno la Kiyunani *sozo*, nambari 4982. Katika Marko 5:34, Bwana asema na yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, na watafsiri wetu wametumia neno la kuponya. Katika Luka 7:50, asema na yule mwanamke aliyempaka miguu marhamu, na watafsiri wametumia neno la kuokoa. Katika Kiyunani maneno ya Bwana kwa wanawake wale wawili ni yale yale kabisa. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona jambo hilo, wala si kosa la watafsiri, maana mmoja alikuja na ugonjwa na mwingine alikuja na dhambi, na Kiswahili chataka neno lake kwa kila mmoja. Lakini ni vizuri sana kujua kwamba Bwana aliwaaga kwa sauti moja. Jambo hili tulilipata kwa kugusa neno kwa kidole, na tulishukuru.

Neno hilo hilo, hata hivyo, ndilo lililotaka kumwua mtu. Tunamjua mama mmoja, si wa mtaa huu, mwenye ugonjwa wa sukari. Mhubiri mmoja aliyepita huko akiwa na simu yake alimsomea Yakobo 5:15, akamwambia kwamba neno la asili pale ni *sozo*, na *sozo* maana yake ni wokovu wa roho na uponyaji wa mwili kwa pamoja, kwa hiyo aliyeokoka amekwisha kupona, na kumeza dawa ni kuikana maana ya Kiyunani. Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la saba. Angewezaje kubishana na Kiyunani? Aliacha dawa. Siku ya tisa alichukuliwa hospitali hajitambui, na madaktari walikesha naye. Mungu ni mwema, yu hai, na sasa ameze dawa yake kila asubuhi baada ya sala. Lakini mguu mmoja wamsumbua hata leo.

Tuliyaona maelezo yale katika programu sisi wenyewe. Yameandikwa hivyo kweli, kwamba neno hilo laweza kuwa kuokoa, kuponya, kuhifadhi, kufanya mzima. Mhubiri hakuyatunga. Kosa lake lilikuwa kuzichukua maana zote za kamusi na kuzimimina zote mahali pamoja. James Barr, mwalimu wa Maandiko, alilionya jambo hilo kwa wataalamu wenzake mwaka 1961, kwa hiyo hata wenye elimu kubwa huliangukia. Kamusi hukuonyesha neno laweza kufanya nini. Haikwambii limefanya nini katika mstari huu. Hilo lajulikana kwa mstari wenyewe na majirani zake.

Tazameni Matendo sura ya 27. Meli imo katika tufani, mabaharia wataka kuikimbia kwa mashua, na Paulo amwambia akida kwamba hao wasipokaa melini wengine hawataokoka. Neno ni *sozo* lile lile. Je, Paulo alikuwa akihubiri uzima wa milele, au kuponywa magonjwa? Alikuwa akisema wasizame baharini. Mtu wa pwani haulizi mara mbili. Na huyo Paulo, aliyeliandika neno hilo mara nyingi katika nyaraka zake, ndiye asemaye katika 2 Timotheo 4:20 kwamba alimwacha Trofimo Mileto hali ni mgonjwa. Ndiye amwambiaye Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na rafiki yake Luka alikuwa tabibu, tena tabibu mpendwa. Kama *sozo* ingekuwa na maana aliyoisema yule mhubiri, Luka angekosa kazi.

Wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia hivi. Mchukueni mgeni asiyejua Kiswahili, mpeni kamusi, kisha mmwambie atafute neno "piga". Ataona kwamba ni kumgonga mtu kwa mkono au fimbo. Sasa aje kanisani Jumapili, asikie kasisi akisema tupige magoti. Ataandika kwao kwamba Waanglikana wa Afrika ya Mashariki huyachapa magoti yao kabla ya kuungama. Akisikia tumepiga kura ya wazee wa kanisa, atauliza kura ilikosa nini. Akiona tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga simu, tunapiga picha, atatuona watu wakali mno. Kamusi yake ni sahihi. Na lau angejidai kutufundisha sisi maana ya kupiga magoti, kwa kuwa yeye amelitazama neno la asili, tungemvumilia kwa sababu ni mgeni. Katika Kiyunani sisi ndio wageni.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni kudhani kwamba maana ya neno imefichwa katika chimbuko lake. Tumesikia mara nyingi kwamba nguvu ya Mungu katika Warumi 1:16 ni *dunamis*, na kwamba hiyo ndiyo baruti, kwa hiyo Injili hulipua. Ni kweli kwamba baruti ile iliyobuniwa na Alfred Nobel mwaka 1867 ilipewa jina lililotokana na neno hilo. Lakini Paulo aliandika miaka 1,800 kabla yake! Hakuwaza baruti. Baruti hubomoa, na Paulo, katika mstari ule ule, asema juu ya nguvu iletayo wokovu. Kadhalika tumeambiwa kwamba kanisa, *ekklesia*, ni "walioitwa watoke", kwa kuwa neno laweza kukatwa vipande viwili vyenye maana hizo. Hubiri lenyewe si baya. Lakini katika Matendo 19 neno hilo hilo limetumika kwa ile ghasia ya Waefeso waliopiga kelele kama saa mbili, na Luka atuambia wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika.

Katika lugha yetu hatufanyi hivyo. Neno "mshahara" lina asili ya Kiarabu, latokana na neno la mwezi, kwa kuwa ni malipo ya kila mwezi. Warumi 6:23 yataja mshahara wa dhambi. Je, yupo aliyewahi kufikiri kwamba dhambi hulipa tarehe thelathini? (Wastaafu wenzetu watasema kwamba hata pensheni haina uhakika wa tarehe, lakini hayo ni mengine.)

Tuje kwa Yohana 21, maana ndiyo iliyoleta ubishi wa Jumatano. Bwana amwuliza Petro mara tatu kama ampenda. Kiswahili chatumia neno "penda" mara zote. Ukiligusa neno katika programu utaona kwamba mara mbili Bwana atumia *agapao*, nambari 25, na Petro ajibu kwa *phileo*, nambari 5368, na mara ya tatu Bwana naye atumia *phileo*. Wahubiri wengi wamejenga hapo nyumba kubwa. Husema kwamba *agapao* ni upendo wa Mungu, na *phileo* ni urafiki tu, kwa hiyo Petro alishindwa kufikia upendo mkuu na Bwana akashuka kumfuata.

Ni hubiri linalogusa moyo, na wako wasomi wanaolikubali. Sisi twasita. Programu ile ile iliyoleta neno yaweza kukuonyesha mahali pengine lilipo, na hapo ndipo wengi huacha kugusa. Katika Yohana 3:35 Baba ampenda Mwana, na neno ni *agapao*. Katika 5:20 Baba ampenda Mwana, na neno ni *phileo*. Je, Baba alipungukiwa kati ya sura ya 3 na ya 5? Yule mwanafunzi aliyependwa na Yesu, katika 13:23 ni *agapao*, na katika 20:2 ni *phileo*. Tena Dema, yule aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu wa sasa, aliupenda kwa *agapao*. Na katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, Amnoni alimpenda Tamari, dada yake, kwa *agapao*, na twajua alimtenda nini. Inaonekana Yohana alibadilisha maneno kama mwandishi mzuri abadilishavyo, kwa maana hapo hapo abadilisha pia wana-kondoo na kondoo, kulisha na kuchunga. Uzito wa sura ile uko katika hesabu ya mara tatu, kwa mtu aliyekana mara tatu, tena kando ya moto wa makaa, kama ule aliokuwa akiota usiku alipomkana Bwana. Hayo yote yamo katika Kiswahili chetu. Katekista aliyasema yote pasipo nambari.

Hata hivyo hatutaki mtu aondoke na neno kwamba programu hizi hazina kazi. Kwa kuwa Krismasi i karibu, tutatoa mfano mmoja ambao sisi wenyewe tunaufurahia.

Luka 2:7 yasema kwamba Mariamu alimlaza mtoto katika hori kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Kila mwaka watoto wa Shule ya Jumapili hucheza habari hiyo, na kila mwaka hugombania sehemu ya mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu yeye husimama mlangoni na kufoka. Watoto wa siku hizi, tukiwauliza, hudhani ni gesti kama zile za karibu na stendi ya mabasi. Sasa tazameni. Neno la Kiyunani pale ni *kataluma*, nambari 2646. Katika Luka 10:34, pale Msamaria alipompeleka yule aliyejeruhiwa, Kiswahili chasema pia nyumba ya wageni, lakini Kiyunani chatumia neno jingine, *pandokheion*, nambari 3829, ambalo hakika ni nyumba ya kulipia, na mwenye nyumba yumo, apewa dinari mbili. Na lile neno la kwanza, *kataluma*, Luka alitumia tena katika 22:11, nako ni chumba cha wageni ndani ya nyumba ya mtu, ndipo Bwana alipokula Pasaka na wanafunzi wake.

Kwa hiyo yamkini Luka hasemi kwamba Yusufu na Mariamu walifukuzwa gestini. Kenneth Bailey, aliyefundisha Agano Jipya katika Mashariki ya Kati kwa miaka mingi, alieleza kwamba katika nyumba za watu wa kawaida huko, wanyama waliingizwa ndani usiku, na hori lilikuwa humo humo walimolala watu. Yusufu alikwenda kwao, mji wa ukoo wake. Chumba cha wageni kilijaa, maana ukoo wote ulikuja kuandikwa, na mama mjamzito akapokewa palipobaki, penye familia na mifugo. Nani kati yetu asiyejua nyumba ya namna hiyo? Msiba ukitokea, au arusi, sebule hujaa, na bibi huambiwa, "Wewe, mama, njoo ulale huku kwetu." Wala katika Luka hakuna mwenye nyumba anayefoka. Msome sura yote, hamtamwona.

Hatusemi jambo hili limekwisha. Neno *kataluma* laweza pia kuwa mahali po pote pa kutua usiku. Katika tafsiri ya Kiyunani ya Kutoka 4:24, latumika kwa kituo cha Musa njiani, na hakuna chumba pale. Watafsiri wetu hawakukosa. Walichagua, na uchaguzi wao wawezekana. Lakini tofauti kati ya kufukuzwa na kubanana si ndogo kwa mtu ahubirie Krismasi, maana hubiri moja lawalaumu watu wa Bethlehemu na jingine lawashukuru. Tumewaambia walimu wa Shule ya Jumapili wasimwondoe yule mwenye nyumba mwaka huu. Mtoto amekwisha kujifunza kufoka. Ila waongeze shangazi.

Tuseme machache juu ya namna ya kutumia vyombo hivi. Pakueni programu mkiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha zitumieni bila intaneti, maana vifurushi ni ghali na Biblia haipaswi kukatika katikati ya mstari. Someni sura nzima kwa Kiswahili kwanza, tena kwa sauti. Pale tafsiri mbili zinapopishana, hapo guseni neno. Na mkiligusa, msiishie kwenye maelezo, bali fungueni orodha ya mahali pote lilipo, muanzie na kitabu kile kile mnachokisoma, kwa mwandishi yule yule. Nambari hukuonyesha mzizi tu. Haikuonyeshi kama neno limekuja kama "amepiga" au "angepigwa", na kila mwalimu wa lugha ajua kwamba kesi nzima yaweza kulala katika viambishi hivyo. Na mtu asiyejua Kiyunani asiseme mimbarani, "Kiyunani chasema." Na aseme, "Nimeona imeandikwa katika kamusi." Wasikilizaji wanayo haki ya kujua habari zatoka wapi, hasa mgonjwa aliye katika kiti cha nyuma.

Ama juu ya simu katika mafunzo, Baba Padre ameridhia ombi letu. Hazitapigwa marufuku. Zitafungwa mpaka sura isomwe mara mbili, halafu zitafunguliwa, na yule kijana ameombwa aketi karibu na Katekista ili amsomee, kwa kuwa macho ya mzee yamedhoofika na maandishi ya simu yaweza kukuzwa. Wote wawili wamekubali.

Tutaanza Kitabu cha Ruthu, Jumatano ya kwanza ya Majilio, saa kumi na moja jioni, mara baada ya Sala ya Jioni. Ni sura nne tu. Tutalifuata neno moja la Kiebrania, *hesed*, nambari 2617, ambalo limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 240. Zaburi ya 136 inalo katika kila mstari, mistari yote 26, na hapo Biblia ya Muungano imelifanya "fadhili". Ndilo neno lililo katika Hosea 6:6, ambalo Bwana wetu alilitaja mezani pa Mathayo, nasi katika Injili twalisoma kuwa "rehema". Katika Ruthu limo mara tatu tu: 1:8, 2:20 na 3:10. Kila atakayekuja aitazame mistari hiyo mitatu nyumbani, katika tafsiri zo zote alizo nazo, aandike kwenye karatasi ni neno gani la Kiswahili limetumika kila mahali, na ni nani amtendeaye nani. Asiye na simu asione haya. Aje na karatasi yake, na asiye na kalamu aombe ofisini kwa mtunza hazina, zimo kalamu tatu.